Upigaji picha katika mwanga hafifu kwa kamera ndogo

Upigaji picha katika mwanga hafifu kwa kamera ndogo ni utaratibu wa kupata picha zinazoonekana vizuri mahali penye mwanga kidogo, kama vile ndani ya nyumba usiku, ukumbini, wakati wa machweo au barabarani penye taa chache, kwa kutumia kamera ya kidijitali ya mfukoni ambayo lenzi yake haibadilishwi.

Kamera za aina hii hutoa picha nzuri mchana, lakini usiku picha zake mara nyingi huwa nyeusi, zimetikisika au zimejaa chengachenga. Watu wengi hudhani kwamba kamera imeharibika, au kwamba dawa ni kununua kamera ya bei kubwa. Kwa kweli sababu kubwa ni upungufu wa mwanga unaokifikia kihisi cha kamera. Mwanga huo unaweza kuongezwa bila gharama kwa njia mbili: kuipa kamera muda mrefu zaidi huku ikiwa imetulia kabisa, na kumsogeza anayepigwa picha karibu na taa iliyopo.

Historia

Tatizo la mwanga mdogo lilianza pamoja na upigaji picha wenyewe. Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki hadi leo ilipigwa na Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce mnamo mwaka 1826 au 1827 kutoka dirishani kwake, na ilihitaji saa nyingi za mwanga wa jua. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Ingawa barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika, katika picha inaonekana kama tupu, kwa sababu watu na magari ya farasi yalipita haraka kuliko muda uliohitajika kunasa picha. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Picha hiyo inaonyesha kanuni ambayo haijabadilika hadi leo: kilichotulia huonekana, kinachosogea hupotea.

Katika miaka ya 1880 wapigapicha walianza kutumia unga wa magnesi uliowaka ghafla na kutoa mwanga mkali. Mwandishi wa habari Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyeishi New York, aliutumia kuonyesha maisha ya maskini katika vyumba vyenye giza. Picha hizo zilikuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1890. Unga huo ulikuwa na moshi mwingi na hatari ya kuunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilipatikana balbu za flashi zilizotumika mara moja tu, na katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani aliendeleza flashi ya umeme, ambayo ndiyo asili ya flashi ndogo za leo.

Mpigapicha mwingine, Brassaï, alifuata njia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipiga picha za mitaa ya Paris usiku, nyingi zikiwa kwa mwanga wa taa za barabarani tu, akiweka kamera kwenye stendi na kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Kamera yake haikuwa na kihisi cha kidijitali wala programu yoyote; alichokuwa nacho ni subira.

Kihisi kilichofungua njia ya kamera za kidijitali kilibuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969. Kwa kazi hiyo walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Kwa nini kamera ndogo hupata shida

Jicho la binadamu huzoea giza, hivyo mtu hatambui jinsi tofauti ya mwanga ilivyo kubwa. Mwangaza hupimwa kwa kizio kiitwacho luksi. Jua kali la mchana hutoa takribani luksi 100,000, lakini sebule yenye taa ya kawaida usiku huweza kuwa na luksi 100 tu. Maana yake ni kwamba sebule ambayo kwa macho inaonekana ina mwanga wa kutosha ina mwanga pungufu mara 1,000 kuliko uwanjani mchana.

Sababu ya pili ni udogo wa kihisi. Kamera nyingi za mfukoni zina kihisi chenye upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28. Kihisi cha kamera kubwa za wataalamu kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864, eneo lililo kubwa mara 30 hivi. Kihisi ni kama beseni lililowekwa nje kukinga mvua: beseni dogo hukusanya maji machache katika muda uleule. Ndiyo maana wingi wa megapikseli hausaidii gizani. Ni kugawa maji yaleyale katika vikombe vingi zaidi.

Sababu ya tatu ni lenzi. Kamera ndogo inapovuta kitu cha mbali kwa zumu, tundu la lenzi yake kwa kawaida huingiza mwanga kidogo zaidi.

Mambo matatu yanayoamua mwangaza wa picha

Mwangaza wa picha hutegemea mambo matatu.

1. Ukubwa wa tundu la lenzi. Huandikwa kwa namba inayoanza na herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ikiwa f/2.8 huingiza mwanga mara 4 kuliko ikiwa f/5.6.

2. Muda ambao kihisi hupokea mwanga. Wapigapicha wengi huuita kasi ya shata. Huandikwa kwa sehemu za sekunde, kama 1/60 au 1/8. Muda ukiongezwa mara mbili, mwanga nao huongezeka mara mbili.

3. ISO. Hii ni kadiri ambavyo kamera inakuza ishara ya kihisi. ISO 400 huhitaji robo ya mwanga unaohitajiwa na ISO 100. Hata hivyo, kukuza ishara hakuongezi mwanga wenyewe. Hukuza pia kasoro, ambazo huonekana kama chengachenga za rangi.

Kwa mfano, katika sebule ya luksi 100, lenzi ikiwa f/2.8, muda unaofaa ni takribani huu:

ISO 100: 1/5 ya sekunde
ISO 400: 1/20 ya sekunde
ISO 1600: 1/80 ya sekunde

Mpigapicha akivuta kwa zumu mpaka lenzi ifike f/5.6, kila muda hapo juu huongezeka mara 4. Kwa ISO 400 atahitaji 1/5 ya sekunde, muda ambao mikono ya watu wengi haiwezi kutulia. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kutumia kamera ndogo gizani ni kutovuta: ni bora kusogea kwa miguu.

Kuituliza kamera

Kwa kamera inayoshikwa mkononi bila kuvuta zumu, muda wa 1/30 ya sekunde ndio mpaka wa kawaida wa kuepuka mtikisiko. Kamera yenye kizuia mtikisiko inaweza kuvuka mpaka huo na kufika 1/8 au zaidi kidogo. Zaidi ya hapo kamera inahitaji kuegemezwa. Njia zifuatazo hazihitaji gharama kubwa:

- Kubana viwiko mbavuni, kuegemea ukuta au nguzo, kutoa pumzi taratibu, kisha kubonyeza kitufe polepole bila kukipiga.
- Kuweka kamera juu ya meza, ukuta mfupi au kiti. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage huishika vizuri na huiwezesha kuelekezwa juu au chini.
- Kutumia kamba. Kamera nyingi zina tundu la skrubu ya robo inchi chini yake. Kamba hufungwa kwenye skrubu hiyo, ncha ya pili hukanyagwa, kisha kamera huvutwa juu mpaka kamba ikaze.
- Kutumia stendi ya miguu mitatu, hata ile fupi ya mezani. Baadhi ya watengenezaji hushauri kizuia mtikisiko kizimwe kamera inapokuwa kwenye stendi.

Kidole kinachobonyeza kitufe kinatosha kuitikisa kamera. Kwa hiyo kamera ikishawekwa, hufaa kutumia kipima muda cha sekunde 2 au 10, kile ambacho watu hukitumia kujipiga picha wenyewe. Kamera hupiga ikiwa imeshatulia.

Kuegemeza kamera hakuwatulizi wanaopigwa picha. Watu wanaozungumza huhitaji takribani 1/60 ya sekunde, na wacheza ngoma 1/250 au chini ya hapo. Kwa muda mrefu zaidi ni lazima kungoja nukta ya utulivu: msemaji anaponyamaza, mchezaji anapofika mwisho wa hatua, bibi harusi anapokatiza kicheko. Kupiga picha tatu au nne mfululizo huongeza nafasi ya kupata moja iliyo safi.

Kutumia taa iliyopo

Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Anayesogea kutoka mita 1 hadi nusu mita toka kwenye taa hupata mwanga mara 4. Mshumaa mmoja hutoa takribani luksi 1 kwa umbali wa mita 1, na luksi 4 kwa nusu mita. Uso ulio nusu mita kutoka kwenye mshumaa, kwa ISO 400 na f/2.8, huhitaji zaidi kidogo ya sekunde 1. Ukisogezwa hadi robo mita, theluthi moja ya sekunde hutosha. Hakuna mpangilio wa kamera unaotoa faida hiyo bila kuongeza chengachenga. Kanuni ni ileile kwa kibatari, taa ya chemli, balbu au kioo cha simu kinachong'aa.

Ukuta mweupe, shuka au kanzu nyeupe iliyo upande wa pili wa taa hurudisha sehemu ya mwanga na kupunguza kivuli kikali usoni. Moto wa mshumaa au kibatari usisogezwe karibu na nguo, pazia au nywele.

Flashi na mipaka yake

Flashi ya kamera ndogo hufika karibu tu, kwa kawaida mita 3 hadi 5. Haiwezi kuangaza jukwaa lililo mbali, uwanja wa mpira wala majengo ya ng'ambo ya barabara. Katika hali hizo huangaza vichwa vya watu wa mbele, nao huonekana weupe huku nyuma kukiwa giza. Kuizima huilazimisha kamera kutumia muda mrefu zaidi.

Kwa kuwa flashi iko karibu sana na lenzi, huleta kasoro tatu zinazojulikana:

Macho mekundu. Mwanga huingia kwenye mboni iliyopanuka kwa giza, hugonga sehemu ya nyuma ya jicho yenye mishipa ya damu, kisha hurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Kuwasha taa ya chumbani hupunguza tatizo kwa sababu mboni husinyaa.

Uso bapa na kivuli cheusi ukutani. Anayepigwa akisogea mita moja au mbili mbele ya ukuta, kivuli hupungua. Karatasi nyeupe nyembamba mbele ya flashi hulainisha mwanga, lakini hupunguza umbali wake.

Madoa meupe ya duara yanayoelea hewani. Baadhi ya watu huyadhania kuwa ni majini au mizimu. Kwa kawaida ni vumbi, matone ya mvua au wadudu walio sentimita chache mbele ya lenzi, walioangazwa na flashi wakiwa nje ya umakini wa lenzi.

Kamera nyingi zina mpangilio wa picha ya mtu usiku. Hapo flashi humwangaza mtu, kisha kamera huendelea kupokea mwanga wa taa za nyuma. Anayepigwa anapaswa kuendelea kusimama bila kusogea hata baada ya flashi kuwaka.

Mipangilio mingine

Kulenga. Gizani kamera hushindwa kupata umbali sahihi. Husaidia kubonyeza kitufe nusu huku kamera ikielekezwa mahali penye mpaka wa mwanga na giza, kama ukosi wa shati au ukingo wa dirisha lenye taa, kwa umbali sawa na mhusika. Kisha kamera huelekezwa upya bila kuachia kitufe, na kubonyezwa hadi mwisho.

Kitufe cha +/-. Kamera hujaribu kufanya kila picha iwe na mwangaza wa wastani. Barabara ya usiku huweza kutoka nyeupe kupita kiasi. Hapo hupunguzwa hadi -1. Mwezi mpevu nao umeangazwa na jua, hivyo ni mng'avu sana kuliko anga linaouzunguka. Bila kupunguzwa hadi -2 huonekana kama doa jeupe lisilo na alama.

Rangi. Mwanga wa mshumaa na wa balbu za zamani una wekundu na umanjano kuliko wa jua. Alama ya balbu kwenye menyu hurekebisha hali hiyo, ingawa wengine hupenda kuacha umanjano kidogo ili picha ikumbushe joto la mahali hapo.

Nyuso za watu wenye ngozi nyeusi

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafisha filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za mfano zenye picha za wanawake weupe. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo, na watu weusi mara nyingi walitoka picha zisizoonyesha sura zao vizuri. Vihisi vya kidijitali si filamu, lakini tatizo la upimaji wa mwanga bado lipo. Katika harusi, kwa mfano, gauni jeupe na pazia jeupe hujaza picha. Kamera huhesabu kwamba mwanga umezidi, hupunguza, na nyuso za maharusi hubaki nyeusi bila macho wala tabasamu.

Dawa yake ni kuongeza hadi +1 au kubonyeza kitufe nusu uso ukiwa umejaza sehemu kubwa ya kioo, kisha kurudi kwenye mpangilio wa awali. Kinyume chake, uso mweusi mbele ya giza tupu huweza kutoka mwanga kupita kiasi, na hapo hupunguzwa. Mwanga wa kutoka ubavuni, kama wa mlangoni au dirishani, huonyesha umbo la uso na mng'ao wa ngozi vizuri kuliko flashi ya mbele. Picha hizo hazirudiwi. Siku ya harusi au mazishi haipigwi mara ya pili, hivyo ni vyema kukagua uso, si gauni, kwenye kioo cha kamera mara baada ya picha ya kwanza.

Mifano ya Afrika Mashariki

Machweo. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, hivyo wakati ambao anga bado lina buluu na taa zimeshawashwa hudumu takribani dakika 20 hadi 25 tu. Mjini London mwezi Juni wakati huo hupita dakika 40. Anayetaka kupiga picha ya mji wa pwani, kama Mombasa au Unguja, anapaswa kuwa amesimama mahali pake kabla jua halijazama.

Taa za wavuvi wa dagaa. Katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria wavuvi hutumia taa kuvutia dagaa usiku. Siku za mbalamwezi kali uvuvi huo hupungua kwa sababu taa hazivutii samaki vizuri, kwa hiyo picha hupatikana katika usiku wa giza. Kamera ikiwekwa imara ufukoni, sekunde kadhaa hutosha kuonyesha safu ya taa na uakisi wake majini. Kwa kuwa mitumbwi huyumba, taa huchora mistari mifupi. Asiyeitaka mistari hiyo huongeza ISO na kupunguza muda.

Adabu na usalama

Flashi hukatazwa katika makumbusho na majumba mengi ya maonyesho, na huwasumbua wanaosali misikitini na makanisani. Kumpiga mtu picha usiku bila ridhaa yake si uungwana. Katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ni marufuku kupiga picha kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi.

Wanyama nao hudhurika. Kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kama kisiwa cha Juani karibu na Mafia, mwanga mkali na flashi huweza kumfanya kasa arudi baharini bila kutaga, na watoto wake walioanguliwa hufuata mwanga badala ya kuelekea majini. Hapo picha huachwa.

Baada ya kupiga

Kioo kidogo cha kamera hung'aa gizani, hivyo picha huonekana angavu na safi kuliko ilivyo. Inafaa kuikuza na kukagua macho ya mhusika kabla ya kuondoka. Picha nyeusi kidogo huweza kuangazwa kwa programu ya kompyuta, ingawa chengachenga huongezeka, na picha iliyotikisika kwa kawaida haitengenezeki. Kwa hiyo kati ya chengachenga na mtikisiko, chengachenga ni hasara ndogo.

Tazama pia

Kamera
Lenzi
Nuru
Upigaji picha